Nilimwita Mtumishi Mwanamke Aliyenilea

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si ujana, si maneno ya watu. Ulimi ulikuwa wangu, na mie ndiye niliyeutumia.

Jina langu sitaji. Nna wajukuu hapa Muscat, wengine wana vyeo vyao, na wote wananiona bibi mwema, wa swala na tasbihi. Wakigombana wanakuja kwangu niwaamue! Laiti wangejua. Nakwambia wewe kwa sababu hunijui, na usiponijua huwezi kunitazama usoni.

Nimezaliwa Unguja. Baba yangu Mwarabu wa huku, mama yangu Mswahili wa Makunduchi. Mama alikufa kwa uzazi nami bado mdogo, hata sura yake siikumbuki. Aliyenichukua ni dada yake, nikamwita Mama Mkubwa. Yeye Mungu hakumjaalia mtoto. Alinibeba mgongoni, akanisuka, akanifundisha Alhamdu na kula kwa adabu. Nilipopata surua alilala sakafuni kando ya kitanda changu mpaka nikapona, na watu wakisema hakuwa akilala, alikuwa akinisikiliza nikipumua.

Nilipofika umri wa skuli baba akanichukua mjini. Mama Mkubwa akaolewa na Mmanga, Mwarabu wa huku Oman, mwenye duka kule shamba, mtu mpole asiye na makuu. Lakini kila Idd Mama Mkubwa alikuja mjini kuniona, na kila akija mkono wake haukuwa mtupu.

Kisha yakaja mapinduzi ya sitini na nne. Sitaki kuyaeleza, waliokuwapo wanajua. Mie na baba tulipata meli, tukahangaika, mwisho tukafika Muscat. Habari za Mama Mkubwa nilizozipata ni moja tu: mumewe alipakiwa melini pamoja na Wamanga wenzake, naye akamfuata. Wapi? Hakuna aliyejua.

Muscat ya siku zile siyo hii mnayoiona. Lango la mji likishafungwa, atembeaye usiku achukue taa mkononi. Gari za kuhesabika. Kwenda mbali mpaka uwe na ruhusa. Baba akaniozesha kwa kijana wa hapa aliyewahi kukaa Unguja kwa ami yake, Kiswahili anakijua, na alikuwa akifanya kazi na watu wa mafuta. Muda si muda baba akafariki, Mungu amrehemu. Nikabaki mie, mume wangu na mama mkwe.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, nataka mjue hivyo. Lakini hakupata kutoka Oman hata siku moja, Kiswahili hajui neno, na nasaba kwake ilikuwa jambo kubwa. Wanawake wa mtaani walipokuja kunitazama bibi harusi, mmoja akaniuliza kwa Kiarabu, "Mama yako binti wa nani?"

Macho ya kikao kizima yakanigeukia.

Nikataja kabila la mke wa kwanza wa baba, Mwarabu wa huku ambaye hata sikupata kumwona! Neno lilitoka lenyewe, jepesi, kama salamu. Mama mkwe akatabasamu, akanisogezea sahani ya halwa. Kutoka siku hiyo uongo ukawa nguo yangu ya kila siku, nikauvaa mpaka nikasahau kuwa nimeuvaa.

Sasa nisikilize. Palikuwa na harusi mji wa Ibri, ya binamu wa mume wangu. Akaazima Landrova kazini, akapata ruhusa, tukatoka Muscat alfajiri: yeye kwenye usukani, mama mkwe mbele, mie nyuma na masanduku na kapu la chakula. Njia yenyewe mawe na changarawe. Tukapita bonde la Samail, tukalala Nizwa kwa watu wake, asubuhi tukapita Bahla. Baada ya hapo, basi! Milima ikabaki nyuma, mbele ni tambarare tupu, nyeupe, hewa inatetemeka kwa joto. Huoni mti, huoni mtu. Mama mkwe alikuwa akisoma Qur-ani kimoyomoyo huku ameshika mlango kwa mikono miwili.

Mchana rejeta ikachemka. Mume wangu akasema, "Tusimame mbele hapo, pana kituo cha madereva."

Usidhani hoteli! Kilikuwa kibanda kirefu cha makuti ya mtende, kisima, mapipa ya petroli, matairi mabovu yamerundikwa kukinga upepo. Lori moja limeegeshwa, mbuzi wamelala chini yake kutafuta kivuli. Wanaume wanakaa mbele kwenye mkeka, wanahudumiwa na kijana mwenye ndevu. Wanawake wana upande wao nyuma, umetengwa kwa pazia la magunia. Mume wangu akaenda kisimani kushughulikia gari yake. Mie na mama mkwe tukaingia nyuma ya pazia.

Akatoka mwanamke mtu mzima, mweusi, amekonda, amejitanda shela kama wanawake wa huko. Akatusalimu kwa Kiarabu. Kiarabu chake kilikuwa kizito, lakini sikumtazama. Nilikuwa nimechoka, macho yamejaa vumbi. Akatuletea chai kwenye gilasi, na maandazi yenye iliki.

Maandazi! Katika jangwa lile! Na bado sikufikiri.

Nikaishika gilasi vibaya, chai ya moto ikanimwagikia mkononi. Nikapiga kelele, "Uwi, mama yangu nnaungua!"

Kwa Kiswahili. Lilinitoka tu.

Yule mwanamke akasimama. Sinia likamwanguka. Akanishika kidevu kwa vidole vyake, akaniinua uso kwenye mwanga wa pazia, akanitazama, akanitazama. Nami nikamtazama. Jamani! Meno yalikuwa yamepungua, mashavu yameingia ndani, lakini macho yalikuwa yale yale.

"Kibibi," akasema. Ndivyo alivyokuwa akiniita utotoni. "Kibibi mwanangu! Mtoto wa marehemu mdogo wangu! Yarabi, umenipa kabla hujanichukua!"

Akanikumbatia. Alikuwa akilia na kucheka pamoja, akinipapasa kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichovunjika.

Mama mkwe akaweka gilasi yake chini. "Huyu nani? Anakwita nani?"

Hapo ndipo, ndugu yangu. Hapo ndipo ningeweza kusema neno moja la kweli na dunia isingeanguka. Nikamwona mama mkwe anamtazama Mama Mkubwa, kisha ananitazama mie, kisha anamtazama yeye tena, pua kwa pua, paji kwa paji. Tunafanana, ndiyo! Roho ikaniruka. Nikayaona yale macho ya kikao cha wanawake, nikaiona sahani ya halwa ikivutwa nyuma.

Nikajitoa mikononi mwake. Nikasema kwa Kiarabu, tena kwa sauti ya juu, "Alikuwa mtumishi wetu Unguja. Akitufulia nguo."

Yarabi toba! Na Kiarabu alikisikia.

Sitasahau. Mikono yake ilibaki hewani kidogo, kama aliyeshikilia kitu kikachukuliwa. Halafu akaishusha. Akafuta machozi kwa ncha ya shela. Akamgeukia mama mkwe, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiarabu chake kile kizito, "Naam, bibi. Nilikuwa nikiwafulia. Mtu akitoka mbali husahau mipaka. Nisamehe."

Alinikinga. Nilimkana, naye akanikinga!

Mama mkwe moyo ukamtulia. Akasema, kwa wema wake kabisa, "Mtumishi mwaminifu ni neema. Basi njoo unikande miguu, maana gari hii imenivunja."

Na Mama Mkubwa akakaa chini. Akaichukua miguu ya mama mkwe akaiweka mapajani mwake, akaikanda kwa mafuta, taratibu, kidole kwa kidole. Mikono iliyonilea! Nami nimekaa pale pale, nakunywa chai. Niliinywa mpaka mwisho. Nilitafuna na andazi.

Mama mkwe akasinzia. Mama Mkubwa akanifanyia ishara, tukatoka nyuma ya kibanda. Nikadhani atanitukana. Laiti angenitukana!

"Wanakutunza?" akaniuliza.

"Wananitunza."

"Mume wako hakupigi?"

"Hanipigi."

"Alhamdulillahi. Basi nimefahamu, mwanangu. Usinieleze. Nyumba ya mtu ina masharti yake."

Kisha akanieleza yake kwa ufupi. Mumewe alikufa tangu mwaka uliopita. Kijana yule wa mbele ni mtoto wa mumewe, mtu mwema, lakini ana mke na watoto na shida zake. Akafunua ubavu, akanionyesha uvimbe, mgumu, mkubwa kama limau. "Madereva wanasema Matrah, pale karibu na Muscat, kuna daktari anayepasua watu wakapona. Mie nilikuwa naogopa kwenda mahali nisipo na mtu. Sasa Mungu kakuleta wewe. Nichukueni mkirudi. Nitakaa nyuma kwenye mizigo. Nitasema mie mtumishi, kama ulivyosema. Hata huko Muscat nitakuwa mtumishi, sitakuaibisha."

Nikamwambia, "Tukirudi nitakuchukua, Mama Mkubwa. Wallahi nitakuchukua."

Niliapa. Jina la Mungu nikalitia katika kinywa kile kile.

Ibri tulikaa siku za harusi. Ngoma, wali, nyama, na mie sina raha. Kila siku nilipanga kumweleza mume wangu, na kila siku nikapata sababu ya kungoja. Watu wengi. Amechoka. Mama yake yupo karibu. Na hofu yangu ilikuwa inakua: mtu huyu akikaa nyumbani kwetu, akiumwa, akiweweseka, siku moja ataniita mwanangu mbele ya watu. Na sura zetu je? Nilianza kumchukia kwa kufanana nami. Naona haya kuandika, lakini ndiyo kweli yenyewe.

Siku ya kurudi, tulipokaribia, nikamwambia mume wangu, "Pale tusisimame. Chai yao ilinichafua tumbo."

Akasema, "Maji tunayo ya kutosha. Vizuri."

Kibanda kikaonekana. Na kando ya njia amesimama mtu, peke yake juani. Amevaa kanga mpya juu ya shela, ya rangi nyekundu, ambayo sijui aliificha wapi miaka yote hiyo. Miguuni pake kifurushi kimefungwa vizuri. Alipoiona gari akaanza kupunga mkono.

Mume wangu akapunguza mwendo. "Yule mwanamke anatusimamisha."

Mama mkwe akasema, "Si yule mtumishi wenu? Labda ana haja."

Nikasema, "Endesha, bwana. Akili zake si nzuri. Atatuomba hiki na hiki, hatutafika."

Mume wangu akaniangalia kwenye kioo. Akasita. Kisha akakanyaga mafuta.

Tulimpita karibu sana. Niliona mdomo wake ukifunguka. Halafu vumbi likamfunika, na mie sikugeuka. Wallahi sikugeuka!

Nilirudi Muscat nikaendelea kuishi. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza. Nikapika, nikazaa, nikacheka harusini. Nilijiambia, yule kijana atampeleka. Nilijiambia, madereva wengi wanapita. Nikiota namwona, nikiamka naswali. Miaka ikaenda.

Mwaka wa sabini nchi ikafunguka, na watu wetu wa Unguja wakaanza kuingia, huyu leo, yule kesho. Siku moja akatujia mama mmoja tuliyekuwa jirani naye mjini. Tukakumbatiana, tukalia. Mume wangu amekaa hapo hapo anazungumza naye Kiswahili. Yule mama akaniuliza, "Na Mama yako Mkubwa je? Yule aliyekulea? Tulisikia kaja huku. Mmeonana?"

Nikafungua mdomo niseme sijui. Badala yake nikainuka. Nikakimbilia chumbani.

Mgeni alipoondoka mume wangu akaja, akakaa kitandani. Nikamweleza yote. Mama yangu, uongo wangu, kibanda, kifurushi. Alinisikiliza bila kunikatiza. Mwisho akauliza, "Yule aliyemkanda mama miguu?"

"Naam."

"Yule wa njiani?"

"Naam."

Akainuka. "Vaa. Asubuhi tunakwenda."

Njia nzima hakusema nami. Tulipofika, kibanda kipo, mapipa yapo, na yule mtoto wa mumewe Mama Mkubwa ndiye mwenye kuandaa chai. Mume wangu akamwuliza habari za mamake wa kambo. Akasema, "Amefariki, Mungu amrehemu. Muda sasa." Kisha akaniangalia mie. "Wewe ndiye mwanawe wa Muscat?"

Nikaitika kwa kichwa.

"Tulikungoja sana," akasema. Hakusema kwa ukali, alisema kama mtu anayetoa habari. "Uvimbe ulipomzidi nilimtafutia lori, dereva kakubali kumfikisha mpaka Matrah mlangoni kwa daktari. Akakataa. Lori la pili akakataa. Nikamwambia, mama, yule hakusimama, alikupita. Akaniambia, 'Hawakuniona, vumbi lilikuwa jingi. Mwanangu kaapa. Nikiondoka na lori, naye akaja, tutapishana njiani, atahangaika kunitafuta.'"

Jamani! Jamani mie!

Sikumwacha tu akafa. Ahadi yangu ndiyo iliyomfunga pale. Nisingeapa, angepanda lori. Kiapo cha mtoto aliyemlea ndicho kilichomzuia kwenda kwa daktari!

Akatupeleka alipomzika. Mawe tu juu ya changarawe, kama yalivyo makaburi ya huko, bila jina. Nilianguka pale nikaita, Mama Mkubwa, Mama Mkubwa, kwa Kiswahili, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Mama mkwe wangu hakuwapo kunisikia, na hata angekuwapo nisingejali. Lakini ujasiri huo ulikuwa na faida gani tena? Mume wangu alisimama mbali, akasoma Fatiha, akanisubiri.

Tulipokaribia Nizwa ndipo aliponisemesha. "Baba yako alinieleza habari za mama yako kabla ya nikaha. Aliniambia, binti yangu mama yake Mswahili wa Makunduchi, kama hutaki sema sasa. Nikasema nataka. Mama yangu angeuliza, ningemjibu mie."

Nikalia. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nilidhani unajua mama yako nani." Akaendesha kidogo. "Mama yako nilimjua kabla sijakuoa. Wewe ndiye sikukujua."

Hakuniacha. Hakunipiga, hakunitukana, hakuoa mwingine. Alinitunza mpaka siku aliyokufa. Lakini mama mkwe nilipomwungamia alijifunika uso, akasema, "Umenifanya nimnyooshee miguu mzazi mwenzangu! Mie nitamjibu nini Mwenyezi Mungu?" Alilia kuliko nilivyotarajia. Na alipougua ugonjwa wake wa mwisho, mume wangu alimleta mwanamke kutoka kijiji cha Bustan kumuuguza. Nikamwambia, mie nipo, mkwewe, kwa nini tulete mtu? Akanijibu kwa upole, "Usijisumbue." Nilifahamu. Hakuniamini na mama yake akiwa hoi.

Hiyo ndiyo adhabu yangu, nimeila kila siku mezani kwangu, kimya kimya.

Nyie mnaosoma, hasa nyie vijana mnaoingia katika nyumba za watu wakubwa, mnaobadilisha lafudhi, mnaomficha mama jikoni wageni wakija, mnaosema huyu alikuwa jirani tu, huyu alikuwa yaya tu: acheni! Nakuombeni, acheni leo. Msidhani aliyekupenda atakasirika akuondokee. Angekasirika mngepona. Hakasiriki. Anakutafutia udhuru, anakaa pale pale ulipomwambia akungoje, mpaka anakufa.

Mkapande gari sasa hivi. Mkamchukue.